Kutoka Magadi ya Jikoni hadi Mwezi wa Zohali



Hakuna mama anayepika maharage makavu asiyelijua jiwe la magadi. Huuzwa sokoni kwa vipande, rangi yake kati ya kijivu na nyeupe, nalo likidondoshwa kidogo chunguni maharage huiva mapema na kuni hupona. Wazee wanaonusa ugoro nao wanalijua kwa njia yao. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza jiwe hilo hutoka katika ardhi ya namna gani, na ni wachache zaidi wanaojua kwamba ardhi hiyo leo inachunguzwa na wataalamu wa karibu na wa mbali ili kulitafutia jibu swali lililo kubwa kuliko mapishi yote: Je, Mwenyezi Mungu ameweka uhai mahali pengine, mbali na hapa duniani?

Swali hilo limefika msikitini kwetu Rusumo. Halikuja kwa kitabu, limekuja kwa simu. Madereva wa malori yaendayo Kigali husimama hapa mpakani kungoja karatasi zao, huswali nasi, na baada ya swala huonyeshana picha za viumbe wenye vichwa vikubwa wanaodaiwa kuonekana sayari nyingine. Vijana wetu huziona. Tunao utaratibu, baada ya darsa ya Jumamosi, wa kuwaachia vijana nusu saa waulize wanalotaka. Miezi michache iliyopita binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, alisimama upande wa wanawake akauliza: "Wakikuta kijidudu kimoja tu huko Mirihi, sisi Waislamu tutasemaje?" Mwalimu wa darsa alinyamaza. Mzee wetu mmoja akasema kuwa swali hilo linanuka kufru, na kwamba mtoto mwenye maswali ya namna hiyo aangaliwe nyumbani kwao. Jumamosi iliyofuata binti yule hakuja. Ya pili pia hakuja. Kisha kamati ikaletewa hoja kwamba nusu saa ile ya maswali ifutwe.

Mimi ni katibu wa kamati, na kazi ya katibu ni kuandika wanayoyasema wengine. Katika jambo hili, hata hivyo, niliomba nafasi ya kusema, nami nikapewa majuma mawili ya kujiandaa. Haya ninayoyaandika ni sehemu ya yale niliyoyasoma na kuyaeleza mbele ya kamati, pamoja na machache niliyoyaona kwa macho yangu.

Nianze na ardhi yenyewe. Sisi wa Rusumo tumezoea maji ya baraka. Mto Kagera unapita kwetu mwaka mzima, unaporomoka kwenye maporomoko ambayo sasa yanaendesha mitambo ya umeme ya megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, kisha unakwenda zake Ziwa Viktoria na hatimaye Mto Nili. Penye maji kama hayo, uhai haumshangazi mtu. Lakini upande wa mashariki, katika Bonde la Ufa, yako maji ya namna nyingine. Mvua huosha udongo wa volkano wenye madini ya sodiamu na kuyapeleka katika mabonde yasiyo na njia ya kutokea. Jua huyakausha maji, madini hubaki, na mwaka baada ya mwaka ziwa hugeuka kuwa bakuli la magadi. Ndivyo lilivyo Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako magadi yamechimbwa kibiashara tangu mwaka 1911, na ndivyo lilivyo Ziwa Natron mkoani Arusha, karibu na mpaka wa Kenya.

Natron nimefika. Nilikwenda Arusha kwenye harusi ya binti wa ami yangu, na baada ya walima wenyeji wetu walitupeleka hadi Engare Sero, chini ya Mlima Oldoinyo Lengai, ambao jina lake kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Mlima huo ni wa pekee: hakuna volkano nyingine duniani ambayo katika zama zetu hutoa lava ya magadi. Hutoka nyeusi, hutiririka kwa wepesi kuliko lava nyingine yoyote, na baada ya siku chache, ikipata unyevu, hugeuka nyeupe. Tuliswali adhuhuri kwa kutayamamu juu ya ardhi ile, kwani maji tuliyobeba yalikuwa ya kunywa tu, na maji ya ziwa hayagusiki bila ngozi kuwasha. Kwa kipimo cha pH, ambacho maji safi ya kunywa huwa karibu na 7, maji ya Natron hupita 10. Jua ni kali, na pembeni mwa ziwa, kwenye vidimbwi vya kina kifupi, joto huweza kufikia nyuzi 60.

Na bado pana uhai. Maji yale huonekana mekundu kama yametiwa rangi, na wekundu huo ni wa viumbe hai: vijiumbe visivyoonekana kwa macho, ambavyo baadhi yake wataalamu huviita akea na kuviweka katika kundi lao peke yao, mbali na bakteria. Mwaka 1984 jamii mojawapo iliyotolewa Ziwa Magadi iliandikwa rasmi katika vitabu vya elimu kwa jina la Natronobacterium. Vijiumbe hivyo haviyavumilii magadi tu, vinayahitaji. Ukivitia katika maji ya Kagera ambayo sisi tunayaita matamu, vitapasuka na kufa. Kilicho sumu kwetu, kwao ni riziki.

Juu ya vijiumbe hao wako heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi. Inakadiriwa kuwa kati ya kila heroe wadogo wanne duniani, watatu wamezaliwa katika Ziwa Natron. Hujenga viota vyao vya tope katikati ya magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga, na kwa hiyo ukali ule ule wa ziwa umekuwa ukuta wa kuwalinda makinda. Na katika chemchemi za pembeni wamo perege wadogo. Samaki wengine hutoa uchafu wa mwili kupitia mashavu yao ukiwa ni amonia, lakini katika maji ya magadi amonia haitoki kwa urahisi. Perege wa Ziwa Magadi amejaaliwa njia nyingine: huigeuza amonia kuwa yurea, kama ufanyavyo mwili wa mwanadamu. Mwenye kutafakari na atafakari.

Sasa ndugu msomaji utauliza: haya yana uhusiano gani na sayari nyingine? Hapa elimu tuliyoisoma chuoni ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kila mwanafunzi wa fiqhi anakijua kiasi, yaani kuipimia hukumu ya jambo lisilojulikana kwa jambo linalojulikana. Sharti la kiasi ni kuwa na asili, na tawi, na sababu inayoyaunganisha, ambayo wanazuoni huiita illa. Hakuna mwanadamu awezaye leo kwenda kuchota maji kwenye mwezi wa Zohali. Kwa hiyo wataalamu huenda mahali hapa duniani panapofanana na kule, wakasoma uhai unavyoishi hapo, kisha wakapima. Natron ni asili, kule angani ni tawi. Swali ni moja tu: illa ipo?

Katika mfano mmoja, illa ipo kwa namna ya kustaajabisha. Zohali ina mwezi mdogo uitwao Enceladus, ambao upana wake ni kilomita 500 hivi, zaidi kidogo tu ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Chombo kilichoitwa Cassini kilifika Zohali mwaka 2004, na mwaka uliofuata kikaona mvuke na chembe za barafu zikiruka kwa nguvu kutoka kwenye nyufa za ncha ya kusini ya mwezi huo. Chombo kilipita katikati ya mvuke ule na kuzipima chembe zake. Ndani yake mlikuwa na chumvi kama hii ya mezani, na mlikuwa na kaboneti ya sodiamu, ambayo kwa Kiswahili chetu cha jikoni ni magadi. Chini ya barafu ya mwezi ule imo bahari, na bahari hiyo ni ya magadi. Mwaka 2023 wataalamu waliokuwa wakipitia vipimo vya Cassini walitangaza kuwa wameona pia fosfati, madini ambayo bila hayo hakuna mfupa, hakuna mbegu, wala hakuna chembe hai yoyote tunayoijua. Nayo ina maelezo ambayo maziwa ya magadi ya duniani yalikwisha kuyatoa: katika maji ya kawaida kalisiamu huikamata fosfati na kuizamisha, lakini penye magadi mengi, magadi ndiyo yanayoishika kalisiamu, na fosfati hubaki huru majini.

Hata hivyo, wanazuoni wetu walituonya juu ya kiasi chenye tofauti ndani yake, pale ambapo asili na tawi vinafanana kwa jambo moja na kuachana kwa jambo lililo kubwa zaidi. Natron ina jua. Sehemu kubwa ya uhai wake huanzia kwa vijani vidogo vinavyokula mwanga. Chini ya barafu ya Enceladus hakuna jua. Je, upo uhai duniani usiohitaji mwanga kabisa? Jibu limetafutwa, pamoja na kwingineko, katika nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa huko, nayo ni Oman. Milima ya Oman ina mawe mazito ambayo zamani yalikuwa chini ya sakafu ya bahari, na maji yakipenya ndani yake, mawe na maji hushikana na kutoa gesi ya hidrojeni. Kati ya mwaka 2016 na 2018 wataalamu wa nchi nyingi walichimba visima virefu katika mawe hayo, na katika maji ya chini ya ardhi, makali kuliko hata ya Natron, vimeonekana vijiumbe vinavyojipatia nguvu kutokana na gesi hiyo badala ya jua. Na mwaka 2017 ilitangazwa kuwa Cassini ilikuta hidrojeni katika mvuke wa Enceladus.

Oman hiyo hiyo, mwezi wa Februari 2018, ilipokea watafiti katika jangwa la Dhofar waliokwenda kufanya mazoezi ya kuishi Mirihi. Taasisi ya Austria iliongoza kazi hiyo pamoja na wenyeji. Walivaa mavazi ya kilo 50 kila mmoja, wakatafuta dalili za uhai mawemawe na mchangani, na maneno yao kwa wenzao waliobaki Austria yalicheleweshwa dakika 10 kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo yatakavyochelewa mtu akiwa Mirihi. Jambo moja katika kazi za namna hii lilinigusa: wanavyojali usafi wa vyombo. Mtafiti anayechota maji ya kupima uhai huvaa glavu, huunguza vifaa vyake kwa moto au mvuke, na huchukua chupa tupu moja aifungue na kuifunga pale pale bila kutia kitu, ili kuona kama uchafu wake mwenyewe umeingia. Kwani balaa kubwa ni kusafiri hadi mwisho wa ulimwengu, ukatangaza umepata uhai, kumbe umekiona kijidudu ulichokibeba kidoleni. Sisi tuliofundishwa twahara kabla ya ibada hatuna sababu ya kulidharau hilo.

Lakini somo lililo zito kuliko yote nililikuta Ethiopia, katika bonde la Danakil, nchi ya ndugu zetu Waafar, Waislamu ambao kwa karne nyingi wamekata chumvi na kuisafirisha kwa misafara ya ngamia. Bonde hilo liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na ndani yake pana mahali panapoitwa Dallol, penye vidimbwi vya rangi ya njano na kijani vinavyotokota kwa asidi. Asidi yake hushuka chini ya sifuri katika kipimo kile kile cha pH, na chumvi imejaa pomoni. Mwezi wa Mei 2019 kundi moja la watafiti lilitangaza kuwa limeona humo dalili za vijiumbe vidogo mno. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kundi jingine, lililochukua sampuli nyingi kwa miaka kadhaa na kuzipima kwa njia mbalimbali, lilitangaza kuwa katika vidimbwi vikali zaidi halikuona uhai. Likaongeza onyo: chini ya hadubini, chembe za madini hujiunda zikafanana na vijiumbe, na mwenye hamu ya kuona huona.

Tafakari, ndugu msomaji. Watu wametumia miaka yao, wamevumilia joto na mivuke ya kuunguza koo, kisha wanarudi kuuambia ulimwengu: hapa hatukukuta kitu. Maji yapo, na uhai haupo. Na kauli hiyo ikachapishwa kama elimu, kwa sababu ni elimu. Imesimuliwa kwamba Imam Malik bin Anas (Mwenyezi Mungu amrehemu) aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Hakuna aliyesema kuwa uimamu wake umepungua. Mimi naona kwamba kama mwalimu wetu wa darsa angesema neno hilo siku ile, binti wa dada yangu angeketi, na angerudi.

Niliyasema hayo mbele ya kamati. Yule mzee aliyekataza swali alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika kama yalivyo: "Katibu, mwaka 1994 nilisimama pale darajani. Niliwaona watu wakivuka usiku na mchana, na niliona Kagera ilivyobeba maiti. Ulimwengu wenye vyombo vyote hivyo haukuziona roho zile. Leo unatafuta kijidudu Mirihi, na wewe unataka watoto wetu washangilie?"

Wasomaji wa mbali huenda hawajui alichokitaja. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Shamba na pori viligeuka mji wa mahema pale Benaco. Na mto, kabla ya hapo na baada yake, ulishusha miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Mzee wetu alikuwa mtu mzima, na ni miongoni mwa walioingia majini kuwatoa na kuwazika. Hoja ya mtu wa namna hiyo haijibiwi kwa haraka, na sikuijibu kwa haraka.

Nilimwambia kwanza kwamba lawama yake ni ya haki, lakini haiiangukii elimu. Hadubini haina huruma wala haina ukatili. Mwenye kuikosa rehma ni moyo wa mtu, na moyo huo ulikosa rehma mwaka 1994 kwa panga na kwa redio, vitu ambavyo kila kijiji kilikuwa navyo. Tukiwazuia watoto kuuliza hatutakuwa tumeongeza rehma duniani hata chembe.

Nilimwambia pili kwamba elimu hii, ikisomwa vizuri, inampa nguvu yeye na si wauaji. Vyombo vimetumwa Mirihi tangu nusu karne iliyopita. Cassini ilizunguka Zohali miaka 13. Tangu Februari 2021 gari la utafiti liitwalo Perseverance linatembea katika bonde la Mirihi liitwalo Jezero, ambalo zamani lilikuwa ziwa. Pamoja na juhudi zote hizo, hadi leo hakuna chembe moja hai iliyothibitishwa nje ya dunia hii. Hata hapa duniani, Dallol inatuonyesha kuwa maji pekee hayatoshi. Uhai, basi, si kitu cha kuokotwa popote. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul-Maida, aya ya 32, uzito wa kuua nafsi moja na uzito wa kuiokoa nafsi moja, kwamba ni kama kuwaua au kuwaokoa watu wote. Aliyejua jinsi ulimwengu ulivyo mpana, mkavu na mtupu, kisha akajua kwamba nafsi moja ina uzito huo, ana sababu moja zaidi ya kuuogopa mkono wake.

Na tatu nilimkumbusha kuwa manufaa hurudi kwa njia zisizotazamiwa, na hasara pia. Kutokana na vijiumbe vya maziwa ya magadi ya Kenya, kampuni za nje zilipata vimeng'enya vya kutia katika sabuni za unga na vya kulainisha nguo za jinzi, na Kenya ikasimama kudai haki yake kwa kuwa mali ilitoka kwake. Mtoto asiyeruhusiwa kuuliza atayajuaje yaliyo chini ya ardhi yake mwenyewe? Ataambiwa na wageni, baada ya wao kuyachukua.

Ama kuhusu lile swali la mwanzo, kwamba kikipatikana kijidudu tutasemaje, sioni kuwa Mwislamu ana la kuhofia. Katika Suratul-Ankabut, aya ya 20, Mola wetu anatuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie jinsi alivyoanzisha uumbaji. Katika Suratush-Shura, aya ya 29, anataja miongoni mwa ishara zake kuumba mbingu na ardhi na viumbe aliowaeneza humo, na wafasiri wamelieleza hilo kwa namna mbalimbali. Katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 30, anatujulisha kuwa kila kilicho hai amekifanya kutokana na maji, na watafiti wa leo, wawe waumini au wasiwe, huanza kwa kuyafuata maji. Kikipatikana kitu, tutasema ameumba apendacho. Kisipopatikana, tutasema hivyo hivyo.

Nawasihi wenzangu, hata hivyo, tusiifanye Qur'ani kuwa kijitabu cha kuthibitishia habari za juma hili. Mwenye kuitundika aya juu ya dhana ya mtafiti, siku dhana hiyo ikianguka, atakuwa ameyumbisha imani ya mwanawe bila sababu. Wala tusichanganye mambo: wako waliosema kuwa viumbe hao wa angani ni majini. Majini ni katika ghaibu tuliyoiamini kwa wahyi, na hawatafutwi kwa hadubini. Anachokitafuta mtafiti wa Natron ni kijiumbe kinachokunywa, kinachokula na kinachokufa. Kila jambo lina mlango wake.

Wala hili si geni katika umma wetu. Al-Biruni, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kwa hesabu ya Hijria, aliandika kwamba jangwa la Arabuni hapo kale lilikuwa bahari, na dalili yake ilikuwa makombe yaliyokutwa wakati wa kuchimba visima. Alisoma maji yaliyopotea kwa alama yaliyoiacha ardhini, jambo lile lile linalofanyika leo Jezero. Na Malaysia ilipompeleka daktari wake Mwislamu kwenye kituo cha anga mwaka 2007, wanazuoni wa nchi hiyo walikaa wakamwandikia mwongozo wa kibla, swala na funga ya huko. Hawakusema kuwa swali ni la kufru. Walilijibu.

Kamati ilipiga kura, na nusu saa ya maswali imebaki kwa tofauti ya kura mbili. Yamewekwa masharti matatu: mwenye aibu aruhusiwe kuandika swali lake kwenye karatasi, mwalimu asiyejua aseme hajui, na alete jibu Jumamosi inayofuata, na asitokee wa kumhukumu muulizaji mbele za watu. Yule mzee alipiga kura ya kupinga, na ni haki yake. Baada ya kikao alinishika mkono akaniomba nimsomee tena lile la Dallol, akaniuliza kama Waafar wale wanaswali kwa madhehebu gani. Nikamjibu nijuavyo mimi, kwamba wengi wao ni Mashafii kama sisi.

Wazazi wenzangu, mtoto anayekuletea swali gumu amekuheshimu, kwani angeweza kulipeleka kwa simu, nayo simu haisemi kamwe kuwa haijui. Ukiwa na jibu, mpe. Usipokuwa nalo, mwambie mtalitafuta pamoja, kisha mlitafute kweli.

Binti wa dada yangu amerudi darsani. Mzee yule alikwenda mwenyewe hadi nyumbani kwao, akaketi barazani, akanywa chai, akaondoka bila kulitaja lile lililopita. Jumamosi tatu sasa binti anakuja na daftari lake na kuketi pale pale alipokuwa akiketi. Bado hajauliza swali jingine. Tunamngoja.

Wallahu a'lam.